Kilichomuua Mama Mdogo Cveta

Resen, Prespa
14 Septemba

Mpendwa dada yangu Fanija,

Salamu nyingi kutoka kando ya ziwa, zikukute huko Melbourne ukiwa mzima, wewe na binti yetu Mila. Mgongo umepoa? Na bado mnavaa makoti mwezi wa tisa? Dunia yenu imekaa miguu juu kichwa chini, mimi sitaizoea. Huku hatujambo, uchovu tu, maana matufaha yameiva yote kwa pamoja na mji mzima unanukia matufaha, hadi kanisani.

Siku hizi naota mchana kweupe, dada. Nikikaa dirishani pa zahanati, ukungu ukalala juu ya maji, sioni Albania wala Ugiriki ng'ambo, naona ziwa tu. Naona marehemu bibi yetu Ristana anatembea juu ya maji na aproni yake, anakusanya wajukuu kutoka nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa kama vifaranga. Usinicheke. Wewe ndiye uliyekuwa ukizungumza na mwezi.

Ndoto hiyo ina chanzo chake. Madaktari wa pande zote za ziwa wanajenga mtandao wa kuchunguza saratani zinazorithiwa katika koo, na wanatufundisha sisi wauguzi namna ya kuzieleza kwa watu. Wa upande wa Albania anaitwa Daktari Lindita, mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa. Anasema huu ugonjwa haujawahi kuomba viza.

Lakini si unawajua watu wetu. Mwulize mtu zahanati mama yake alikufa kwa ugonjwa gani, atakwambia alipigwa na upepo wa dirishani. Huyu upepo, yule huzuni, mwingine kijicho. Saratani yenyewe wanaiita "ile isiyotajwa", kisha wanagonga meza kufukuza balaa. Majira yote ya baridi tulihoji ukoo baada ya ukoo, tukavuna upepo mtupu. Wakubwa wa mtandao wakaanza kusema Prespa iachwe nje.

Basi mwezi wa Juni, Jumamosi ya wafu, siku ya kuwakumbuka marehemu, nikamwambia Lindita twende makaburini.

"Wewe Trajanka, mimi Mwislamu, nikafanye nini huko?"

"Beba chakula," nikamwambia. "Nani anamfukuza mwenye chakula?"

Unakumbuka inavyokuwa: kila mwanamke anagawa chakula kaburini kwa mtu wake, anamtaja marehemu, na anayepokea anamwombea rehema. Kukataa ni dhambi. Lindita akaja na pai ya vitunguu vya majani, bado ya moto. Akaenda moja kwa moja kwa bibi Sevda, aliyekuwa ameketi kwenye kaburi la dada yake, bibi Ristana. Akamnyooshea kipande.

"Pokea, bibi. Ni kwa ajili ya mama yangu. Alikufa kwa saratani ya titi."

Wanawake wakaacha kugawa. Hata wanaume wakaweka glasi zao chini. Bibi Sevda alikishika kile kipande, akakitazama, nami nikajua atakirudisha na mtandao wetu umekufa pale pale. Akala.

"Mungu amrehemu mama yako," akasema. Kisha akapapasa jiwe la kaburi. "Na Ristana pia. Na binti yake, Cveta. Ni ile ile, mwanangu. Nimechoka kuwasingizia wafu."

Baada ya hapo wanawake wakaja wenyewe, kila mmoja na sahani yake na mtu wake. Lindita alilishwa mpaka akaomba poo.

Damu zetu zikaenda maabara. Hitilafu ya kurithi imeonekana katika ukoo wetu, na madaktari wa Ugiriki wameikuta hiyo hiyo kwa ukoo mmoja wa huko, wajukuu wa watu wetu waliovushwa milima wakati wa vita. Kumbe ndoto yangu haikuwa ya uongo. Ninayo hata mimi, Fanija. Oktoba nafanyiwa upasuaji kabla saratani haijaniwahi. Naogopa, sikufichi, lakini usingizi napata.

Sasa nakuja kwako. Najua walichokwambia kwenye simu: kwamba mama mdogo Cveta alikufa kwa huzuni ya kukukosa, kwamba safari yako ndiyo iliyomla. Najua umelibeba hilo hadi leo, na ndiyo maana huji. Sivyo, dada. Mama yako alikuwa mgonjwa hata kabla hujafunga sanduku lako, na aliwakataza wote wasikwambie, usije ukaiacha safari. Bibi Sevda amenieleza mwenyewe huku analia. Hukumuua mama yako.

Ila alichougua huenda umekirithi, na Mila pia. Nendeni mkapimwe. Usiniambie kesho, na usinitajie upepo.

Bibi Sevda anakusalimu, anasema umsamehe. Mume wangu Gele anakusalimu, na Lindita pia, ambaye tayari anakuita dada. Mungu akulinde na akuongoze mpaka mlango wa hospitali, maana huwa unageuka njiani.

Novemba, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, tutakwenda tena makaburini. Nitagawa pai kwa ajili ya mama yako, na nitakitaja kilichomuua, kwa sauti. Wewe nimekuwekea nafasi upande wa wanaokula, si wa wanaotajwa.

Wako akupendaye, akungojaye,
Trajanka