Si Uji Uliokuua, Achol

Achol, rafiki yangu,

Ni mimi, Nakiru. Chuo kimefungwa, nimerudi Lodwar likizo hii ndefu. Nimekodi chumba mtaa ule tuliosema tutaishi pamoja tukimaliza shule. Jirani akinisalimia "ejok" asubuhi namjibu, na siku nyingine siongei tena na mtu mpaka nilale.

Huko chuoni niko maabara. Tunakuza seli zinazofunika mishipa ya damu kwa ndani, kisha tunazipunguzia oksijeni. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachotengeneza gesi ya kulegeza mshipa ili damu ipite. Chenyewe kinahitaji oksijeni kufanya kazi. Ikipungua, kinazorota, mshipa unabaki umekaza. Siku nilipoona matokeo nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nakuona wewe, umeegemea ukuta wa darasa pale Kakuma, midomo imebadilika rangi, na bado unanitania: "Tangulia, daktari wa mbuzi. Nakuja."

TB ya utotoni ilipona, lakini ilikuachia mapafu yenye makovu. Hewa ikawa haba, mishipa ya mapafu ikakaza mwaka baada ya mwaka, na moyo wako ukisukuma, ukisukuma tu... mpaka ukachoka.

Jana nilienda kambini Kakuma kumwona mama yako. Jiko lake limepoa. Kumbe tangu ufe anaamini ni uji aliokunywesha asubuhi ile uliokuziba pumzi, na hajawahi kumwambia mtu. Achol, miaka yote hii! Nikamweleza, nikachora mshipa kwa kidole mchangani, mpana, halafu mwembamba. Aliutazama sana.

"Kwa hivyo si mkono yangu?"

"Hapana, Mama. Si mkono wako. Ugonjwa ulianza zamani."

Alilia kwa sauti hadi majirani wakaingia. Alipotulia akasema ulimwambia uji ni mtamu, ukaomba akuongezee. Alisema hivyo huku anatabasamu, Achol.

Njiani kurudi nilitamani mno kumsimulia mtu, lakini wa kumsimulia ni wewe. Wengine wangeuliza tu kama hayo yatatoka kwenye mtihani.

Pumzika, dada yangu, usihangaike tena kutafuta hewa. Chumba hiki nitakirudisha kwa mwenyewe. Likizo zangu nitakuwa nakaa kwa mama yako, nakuahidi, ili asile peke yake. Na mimi nisile peke yangu.

Nakiru