Nguzo Alizozisimamisha Baba

Kwako kaka Festo,

Shikamoo yako naiweka pembeni kwanza.

Unakumbuka mwalimu wa kujitolea alivyokuachia mpira wa raga, ule wenye umbo la papai? Hapa Matembwe hakuna aliyejua unachezwaje. Mimi ndiye niliyekaa jikoni na kamusi nikikutafsiria kijitabu chake cha sheria, nawe ukisema, "Profesa, soma tena hapo pa pasi." Nikasoma tena: hurushi mbele, unampa aliye nyuma yako.

Baba alikata miti yake mwenyewe ya milingoti, akakusimamishia nguzo za goli kando ya shamba la viazi. Nilipomweleza kwamba mpira ukipita juu ndipo unapata alama, alisema mwamuzi wa mchezo huo lazima awe amekunywa ulanzi. Hata hivyo, kila jioni alikuwa akikuokotea mpira kwenye matuta.

Kisha ukaenda Nairobi, ukavuka hadi Ulaya, ukawa mchezaji wa kulipwa. Baba alipolazwa Ikonda, ulisema una mechi. Alipofariki, ulisema una mechi. Tulikungoja makaburini mpaka ukungu ukashuka, kwa sababu udongo wa kwanza ni wa mtoto wa kwanza. Mwishowe baba mdogo akanishika mkono, nikautupa mimi.

Siku tuliyofunga shule nilipitia Makambako, dukani kwa Mama Zuhura, nimnunulie mama chumvi. Ukatokea kwenye runinga. Ukasema baba hakuutaka mchezo huu, kwamba ulijifunza peke yako, na kwamba Desemba utakuja na watu wa kamera uwaonyeshe nguzo ulizojijengea.

Mama Zuhura akaniuliza, "Si kaka yako huyu?"

Nikamjibu simfahamu.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama, nikatoa msumeno. Nilidhani atanizuia. Alifunga khanga yake vizuri, akashika upande wa pili.

Nguzo moja tumeipasua kuni. Nyingine imekuwa boriti za banda la nguruwe, na wanajikuna hapo mchana kutwa. Walete watu wako wapige picha. Mimi nitasimama pembeni, nikitazama uso wako.

Ukikosa pa kujificha, nenda kwenye kaburi la baba. Okota udongo, utupe, kisha useme nani alikusimamishia goli, kamera ikiwa inakutazama.

Ukimaliza, nitakuamkia.

Mdogo wako uliyemwacha nyuma,
Profesa