Kifua cha mama mkwe

Jumamosi, Shelui. Upepo toka asubuhi, vumbi la barabara kuu limeingia mpaka kwenye chai. Na mimi nimeudhika. Nimeudhika sana.

Leo yamekuja kijijini mafunzo ya kumwamsha mtu ambaye moyo wake umesimama. Walisema kila nyumba itoe mtu mmoja. Mke wangu, Mama Elia, alitaka kwenda yeye. Nikamwambia kaa, unapelekaje mwanafunzi wakati nyumba ina mwalimu? Hapa Shelui nani hajui kwamba mimi ndiye niliyelitoa dume la ng'ombe Ziwa Kitangiri, limeshakufa, ulimi nje, nikalipulizia puani mpaka likasimama likanifukuza? Shule niliishia darasa la tano, lakini dume lile halikuniuliza cheti.

Nikaenda mimi.

Nesi mwenyewe binti mdogo, kaja na mdoli wa plastiki asiye na miguu, na mashine ya kushtua moyo, ndogo kama redio ya mkulima. Mashine itabaki ofisi ya kijiji, jirani kabisa na kwangu. Alipoanza kuonyesha mikono inakaa wapi, nikaona wenzangu wamepoa, nikawachangamsha na habari ya lile dume. Walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Nesi akasubiri, akasema, "Mjomba, dume likimaliza kukufukuza utuambie, tuendelee."

Nikacheka na mimi.

Halafu akaja kwenye mashine. Ina vibandiko viwili, vinabandikwa kwenye ngozi, kifua kiwe wazi, nguo zote pembeni, awe mwanamume au mwanamke. Mimi jasho likanitoka na upepo wote ule.

Kwa sababu mgonjwa wa moyo kwangu ni mmoja. Ni mama mkwe.

Tunaishi naye toka daktari aseme moyo umetanuka. Mkono wake sijawahi kuushika. Nikitaka kukatiza uani nakohoa kwanza, yeye anaingia ndani. Shikamoo yangu anaiitikia akiwa nyuma ya mlango. Mtu wa namna hiyo nimvue blauzi? Niweke viganja hapo? Ukoo wao wakiniuliza nitasema nini, kwamba nesi aliniruhusu?

Nilimuuliza nesi kama mkwe naye yumo. Akasema yumo, tena huyo ndiye wa kwanza, maana mnalala nyumba moja.

Nyumbani Mama Elia hakunichekea. "Nafasi ilikuwa moja, ukaichukua wewe usiyeweza hata kumpa mama kikombe mkononi. Haya, nifundishe mimi."

Nikalaza gunia la alizeti uani. Nikapiga magoti. Mikono ikabaki hewani.

Sikumbuki inakaa wapi.

Katikati? Kushoto? Unaanza kubonyeza au unaanza kupuliza? Dume nalikumbuka lote mpaka rangi ya kwato. Cha nesi sina hata kimoja.

Nikaanza kujitetea kwa sauti kwamba hata hivyo haifai, mkwe ni mkwe. Nikasahau dirisha la mama liko wazi. Akamwita binti yake kutoka ndani:

"Mwanangu, mwambie mwenzio. Siku nikianguka asihangaike kunitafutia khanga. Anibonyeze." Akaongeza: "Ila ajue pa kubonyeza. Mimi si dume la Kitangiri."

Mama Elia alicheka mpaka akakalia gunia. Mimi nikaenda kusimama na mbuzi.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Nilidhani ruhusa ndiyo itakayonishinda, na ruhusa nimepewa, kwa mdomo wake mwenyewe. Kilichobaki ni kazi, na kazi siijui. Tena nilikaa pale pale inapofundishwa! Nesi kashaondoka, Jumatatu anafundisha Nduguti. Nimemwambia Mama Elia tunakwenda wote wawili, Elia atabaki na bibi yake. Kama ni mtu mmoja kwa nyumba, watatufukuza wenyewe. Nitakaa mbele kabisa, mdomo nimeufunga. Dume libaki ziwani.

Mama mkwe anakohoa huko ndani. Kila akikohoa naacha kuandika, nasikiliza kama kikohozi kingine kitafuata.

Mama, nivumilie mpaka Jumatatu.