Nyumba ya Babu Tluway pale Singe

Bagara, Babati
13 Mei 2024

Mwanangu Brightness,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na miguu haijavimba kwa zamu za hospitali. Mimi sijambo. Nyonga inanikumbusha umri kila ninapoinuka kwenye kiti, lakini siisikilizi. Mahindi yamekubali mwaka huu. Mama yako nilimwona kanisani, ananenepa.

Najua utashangaa kupata bahasha kwa kondakta wa basi wakati simu ninayo. Simu ni ya kusalimiana. Mambo ya ardhi yanaandikwa.

Kile chama chetu cha mambo ya kale ulichokicheka Krismasi kimesimama. Wenye kazi tuko watatu: mimi mwenyekiti, Basil wa bajaji, na Mwamvita mwenye duka la vitambaa karibu na stendi, anayetupa chai na maneno makali. Kila Jumamosi tunazungumza ukumbini, bila kiingilio, habari za watu waliokaa hapa kabla yetu na vitu walivyoacha ardhini. Mwanzo tulibandika tangazo la mhadhara, watu wakadhani ni mambo ya dini, wakatupita. Mwamvita akafuta, akaandika "mazungumzo ya bure". Wakaja wachache, na wa kwanza kunyoosha mkono aliuliza posho inatolewa mwanzo au mwisho. Nikamwambia posho yake ni kwamba ataondoka anajua kitu. Akaondoka kabla ya kukijua.

Sasa ombi. Kwenye kiwanja alichokuachia baba yako pale Singe kuna lile bonde dogo kwenye mteremko. Ile ndiyo nyumba ya babu yetu Tluway. Aliichimba ndani ya mlima, paa akalifunika udongo, ukipita juu hujui kama chini wamelala watu na ng'ombe. Mimi na baba yako tumelala humo tukiwa wadogo, mpaka tulipohamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa na paa likaporomoka. Niruhusu nilete watu Jumamosi moja waione, na wewe ujenge nyumba yako pembeni. Za namna ile huenda zimebaki nyingine, lakini hiyo ndiyo ninayoweza kuieleza kwa kuwa niliishi ndani yake.

Shangazi yako,
Bernadina


Dodoma
20 Mei 2024

Shangazi yangu, shikamoo.

Mimi mzima, zamu zinakwenda, joto la hapa nimelizoea. Nashukuru umemwona mama. Pole na nyonga, na uache kupanda bodaboda.

Shangazi, nitasema wazi kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusema wazi. Hapana. Fundi Sele amekipima kiwanja, na msingi unaanza Julai palepale kwenye bonde, kwa kuwa kumeshachimbika na nitapata chumba cha chini cha kuhifadhia mahindi. Nimeishi vyumba vya kupanga tangu chuo, na nyumba hii ndiyo kitu pekee ninachokitaka kwa sasa. Wakija watu, kesho nitasikia pametangazwa mahali pa historia, na mimi nitabaki na hati ya kiwanja nisichoweza kuweka hata tofali. Isitoshe, watu wa Singe wakiona wasomi wanapiga picha ardhi ya mtu wanasema jambo moja tu, kwamba imeonekana mali iliyozikwa na Mjerumani.

Kuongelea ukumbini sikukatazi. Ila usitaje ni kwa nani.

Mwanao,
Brightness


Bagara
27 Mei 2024

Mwanangu,

U hali gani? Hapa baridi imeanza, natembea na masweta mawili kama mwizi aliyekurupushwa. Nimepokea hapana yako na nimeiheshimu, ingawa nitaibishia tukionana.

Jumamosi nilizungumza, na nakwambia ukumbi ulijaa hadi madirishani. Tangu nistaafu ualimu sijaona watu wazima wakiandika namna ile. Nilichora ubaoni nyumba ya kuchimbwa inavyoonekana ikishabomoka: bonde kwenye mteremko, duara la minyaa iliyokuwa uzio, jiwe la kusagia linalochungulia, udongo mweusi wa majivu na chini yake sakafu. Jina lako sikulitaja, wala Singe. Nilisema tu ni nyumba niliyolala nikiwa mtoto.

Na maswali! Damiani, jirani wa kiwanja chako, ambaye hajawahi kusoma tangazo la msiba akafika mwisho, aliuliza kutoka juu hadi sakafuni ni urefu gani. Mwingine akauliza kama rangi ya udongo hubadilika juu ya kitu kilichozikwa. Nikawajibu wote kwa mchoro. Nilitoka pale nikijiona mwalimu kweli.

Mwamvita hakufurahi. Anasema watu wanaouliza kina cha shimo bila kuuliza jina la mwenye nyumba si wanafunzi. Nikamwambia auze vitambaa vyake.

Shangazi yako,
Bernadina


Ujumbe wa simu
3 Juni 2024

Shikamoo Shangazi. Sele kanipigia sasa hivi. Bonde lote kiwanjani limechimbwa mashimo. Wanasema wewe ndiye uliyewaelekeza, kila mtu anajua ulilala wapi ukiwa mtoto. Uliwaambia nini hao watu?
Brightness


Bagara
5 Juni 2024

Mwanangu,

Naomba uwe mzima. Mimi siumwi, ila sina raha.

Nilikwenda na Basil nikayaona hayo mashimo. Wamechimba kama nguruwe kwenye shamba la viazi. Jiwe la kusagia la bibi wamelipasua katikati wakidhani kuna kitu ndani. Nilikaa juu ya udongo waliotoa nikalia, na Basil akageuka upande wa pili ajifanye anaangalia bajaji.

Damiani alikuwepo, na hakukimbia. Alinijia kwa adabu kabisa, akaniambia, "Mwalimu, ulisema chini ya majivu kuna sakafu. Tumefika sakafuni, mbona rupia hazipo?" Alikuwa kama mwanafunzi ambaye hesabu imemkatalia na anataka mwalimu aipitie tena. Hapo nikaelewa. Walishindwa kuamini kwamba mtu anaweza kusimama Jumamosi nzima akafundisha bila kulipwa, wakaamua kwamba naelekeza kwa mafumbo zilipozikwa rupia, zile sarafu za Mjerumani, na kila mchoro wangu ni ramani. Mwamvita aliona kabla yangu, na nimekwenda dukani kumwambia hivyo. Hakunicheka, nami nimemshukuru kwa hilo.

Lakini sikubali somo langu liishie hapo. Nikinyamaza watachimba hadi barabarani. Nataka Basil azunguke mji na spika akitangaza kwamba waliochimba Singe wamekosea, na Jumamosi ya tarehe kumi na tano Mwalimu Bernadina ataonyesha kilichomo, bure. Watajaa, maana hawawezi kujizuia. Shimo limeshafunguka, ukuta wake umekatwa, nyumba nzima inasomeka pale kuliko ubao wowote.

Wewe ndiye mwenye kiwanja. Nimekuharibia, najua, na bado nakuomba. Ukisema hapana, Basil atazima spika na mimi nitakaa nyumbani. Ukinyamaza nitakwenda.

Shangazi yako,
Bernadina


Ujumbe wa simu
12 Juni 2024

Hujambo mwanangu? Barua ilifika? Simu yako inaita tu. Basil anazunguka na spika tangu jana. Bado una nafasi ya kunikataza.
Shangazi


Ujumbe wa simu
15 Juni 2024

Imekwisha salama. Walikuja wengi kuliko siku ya mnada. Nimechoka, nitakuandikia nikipata nguvu. Kama umekasirika, basi kasirika kwa maandishi nisome.
Shangazi


Dodoma
19 Juni 2024

Shangazi yangu, shikamoo.

Natumaini nyonga imepoa. Najua kwa nini inauma, maana nilikuona.

Nilikuwepo Jumamosi. Nilishuka stendi asubuhi nikaenda moja kwa moja Singe na Sele, tukiwa na vigingi na kamba za kupimia msingi. Nilikuja kukuzuia. Barua yako niliisoma siku ileile ilipofika, na sikujibu kwa kuwa nilikuwa na hasira ambayo isingefaa kwa shangazi. Nilipanga kuzifunga zile kamba mbele ya watu wote, ili wewe na wao mjue mwenye kiwanja ameamua. Nikajitanda kitenge kichwani, nikasimama nyuma nikingoja uanze ndipo nipite mbele.

Nikaona Basil anakushika mkono unashuka shimoni. Ukawaonyesha kwenye ukuta ule mstari mweusi, ukasema hayo ni majivu ya miaka na miaka ya kupika. Ukaonyesha sakafu iliyoshindiliwa, ukaonyesha upande wa ng'ombe. Nusu ya watu walikuja na majembe. Mmoja akapaza sauti kuuliza rupia ziko wapi, nawe ukamjibu taratibu, "Mjerumani hakuwahi kuingia humu. Walioingia ni sisi." Wakaguna. Wengine wakaanza kubeba majembe yao kuondoka, na mimi nikasema moyoni sasa ndiyo nafasi yangu.

Ndipo ukavua viatu ukalala chini. Mwalimu mzima, na gauni la kanisani, mbele ya Singe yote. Ukasema kichwa chako kilikuwa huku na miguu upande wa moto, na ukiamka ulikuwa unasikia ng'ombe anacheua palepale. Halafu ukanyoosha mkono pembeni, ukauacha wazi, ukasema, "Na hapa alilala mdogo wangu Venance. Alikuwa ananisukuma."

Baba alifariki miaka sita iliyopita, Shangazi. Nimekwenda kaburini, nimetazama picha, nimevaa saa yake, na sijawahi kumwona kama nilivyomwona pale, mtoto mdogo anayetosha kati ya mkono wako na ukuta. Msingi wangu ulikuwa upite hapohapo. Nilikuwa nimwage zege juu yake nikaweke mahindi.

Waliokuwa wanaondoka walirudi. Damiani alilaza jembe chini akauliza mlango ulikuwa wapi, ukamwonyesha ukiwa bado umelala. Watu wakaanza kusogea ili wasikanyage mlangoni. Mimi nikaondoka kabla hujainuka. Nisamehe kwa kufika nyumbani na kuondoka bila kukuamkia. Ningefungua mdomo ningelia kwa sauti, na Singe wangekuwa na habari ya mwaka mzima.

Nimekubaliana na Sele. Nyumba itasogea juu ya mteremko, karibu na barabara. Chumba cha chini hakitakuwepo, mahindi yatakaa kwenye magunia kama ya watu wengine. Zile kamba zangu amezizungushia shimo, ng'ombe wa Damiani wasidumbukie.

Likizo yangu ni Septemba. Itisha Jumamosi nyingine palepale, mwambie Basil atangaze. Mimi sina cha kuzungumza. Wewe utalala ulipolala, na mimi nitalala pale alipolala baba, watu waone nyumba ilikuwa na watoto wawili. Mkeka nitakuja nao.

Mwanao,
Brightness