Goti la Mama na Jibu la Daktari

Mutsamudu, 12 Novemba 1977

Kwa kaka yangu Soidri,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta Marseille u mzima, na kwamba baridi haijakurudishia kile kikohozi. Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Mama amenikataza kuandika neno lolote kabla ya salamu zake, basi zipokee.

Tangu serikali ituachishe kazi sisi makarani wa Moroni, nipo hapa nyumbani, na kazi yangu kubwa ni kukimbia nyuma ya Mama. Hashikiki! Lile goti la chuma alilowekewa huko kwako miaka mitatu iliyopita limemrudisha ujana. Anapanda ngazi za mtaa bila fimbo. Juzi vijana wa kamati ya serikali walipokuja kuwahimiza akina mama wakalime shamba la pamoja, yeye ndiye aliyetangulia, jembe begani, vijana wakihema nyuma. Nusura nipige vigelegele.

Sasa kaka, nina la kuungama. Mwezi wa Mei ulinitumia jibu la daktari wa huko aliyemtibu, ulipomuuliza goti litadumu muda gani. Alisema huenda likafika miaka kumi, ila Mama asipige magoti wala asikae chini. Kwa kuwa Kifaransa hakijui, uliniagiza nimsomee, nami nikakuandikia kuwa nimemsomea. Nilikudanganya. Siku ile nilimkuta kwenye mkeka amesujudu, na alipoinuka alikuwa analia kwa furaha. Unakumbuka miaka ile aliyosali kitini kwa huzuni. Nikaikunja karatasi nikaitia sandukuni.

Wiki iliyopita goti lilianza kugonga akishuka ngazi, na tangu Wafaransa waondoke hatuna daktari wa kumwonyesha. Nikaingiwa na hofu, nikamsomea yote. Hakunigombeza. Alisema daktari alimuuliza panauma wapi, lakini hakuna aliyemuuliza goti analitakia nini. Akakaa akifikiri mpaka adhana ya alasiri, kisha akaniagiza nimletee kiti. Sunna zote atasali kitini, lakini faradhi, maadamu goti linakunjika, atasujudu.

Mfikishie daktari maneno hayo kama yalivyo, umuulize na huko kugonga kuna maana gani. Nami unisamehe, kaka. Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Naïma