Kwa Baba Yetu Taufiki, Aliyeunda Gari la Mwanamvua

Mwaka umezunguka, baba, tangu tukuzike Nyamiaga baada ya sala ya Ijumaa, nasi bado tukisikia injini inanguruma barabarani tunatoka nje kutazama kama ni wewe.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa magari. Mwenye bodaboda iliyozima ulianza kumtengenezea hata kabla hujamaliza kuitikia shikamoo yake. Gari likisumbua ulilisema kama mtoto mtoro, kisha ukalibembeleza mpaka likawaka. Na chakula ulikipenda, mwili ukaonyesha. Mama alikutania kwamba siku moja tutakutoa kwenye usukani kwa winchi.

Lakini kazi ya moyo wako ilikuwa moja. Mama, mkeo Mwanamvua, kwao ni Pangani, na tangu aanguke akaumia kiuno, safari ya basi ilimshinda. Dada yake, mama mkubwa Shamsia, akawa anazeeka huko akimsubiri. Ukaapa kumuundia gari la kukimbia kama la mashindano na kukalika kama kochi la sebuleni, limfikishe pwani kabla kiuno hakijajua kwamba ametoka nyumbani.

Watu wa Ngara walicheka. Wewe ukachukua injini ya silinda sita ya gari lililopinduka, ukagonga bodi kwa nyundo, milango miwili tu, na rafiki yako Nduwayo, mchomeleaji wa Kabanga, akakuungia. Mwanzoni ulilishusha mno. Tuta likalikamata tumbo, na waumini waliokuwa wanatoka msikitini wakalinyanyua wewe ukiwa ndani. Ukaliinua. Likaanza kuyumba kwenye kona. Ukarudi tena uvunguni.

Kila ulipolijaribu, mama alikaa siti ya kushoto na ungo wa mchele mapajani, akichambua, nawe ukikimbiza barabara ya Kabanga. Hukumuuliza kama anaumia, maana angesema haumii. Ulitazama mikono yake. Ikiacha mchele na kwenda kiunoni, ulirudi gereji kufungua springi. Siku alipochambua mchele wote, kwenda na kurudi, ulitokwa na machozi ukasingizia moshi.

Askari aliyekuja kulikagua alilizunguka, akauliza, "Mzee, hili ni gari la aina gani?"

"La Mwanamvua," ukamjibu.

Safari ilipangwa baada ya Idi. Moyo wako haukungoja.

Mama alipomaliza eda, mimi Fathiya nilishika usukani. Hatujafika Nyakahura, akashika kiuno. "Geuza, mwanangu," alisema. Tulirudi Ngara. Tulidhani gari nalo limekufa, na mama mkubwa Shamsia hataonwa tena.

Nduwayo aliingia uvunguni, akatoka anatikisa kichwa. "Dada Fathiya, springi ni nzima. Mzee alizipima yeye mwenyewe amekaa hapo. Wewe mwepesi, ndiyo maana gari linarukaruka. Nizilegeze?"

"Usiziguse," mama akasema. "Alivyoziacha, ziache hivyo hivyo. Tafuteni kitu chenye uzito wake."

Tukanunua gunia la maharage sokoni Nyamahanga, tukalifunga nyuma ya siti ya dereva. Baba, gari likatulia. Tuliyapita mabasi mlimani bila kuhangaika, na mama alilala tangu Kahama mpaka Singida, yeye ambaye hajawahi kusinzia ndani ya gari. Tulipomwamsha ale, kwanza alipeleka mkono nyuma akalipapasa lile gunia.

Pangani alifungua mlango mwenyewe, akashuka mwenyewe, hakushikwa na mtu. Yeye na dada yake walikumbatiana mpaka sisi tukaangalia pembeni. Kisha akaniita.

"Baba yako hapendi kukaa bila habari," alisema. "Mwambie nimefika."

Basi, baba, amefika.

Unakumbukwa na mkeo Mwanamvua. Wanao Fathiya na Sabiti. Shemeji yako Shamsia. Rafiki yako Nduwayo na mkewe Eustakia. Majirani wa Nyamiaga na mafundi wote wa gereji. Mwenyezi Mungu akurehemu. Hutatutoka moyoni siku zote tulizojaliwa kuishi.