Sitini na Moja ya Mkaguzi

Jumatatu, 3 Machi

Sitini na moja. Nimejumlisha mara tatu, jibu halibadiliki.

Fomu za Februari zinasema mkazi tunayemwita Mkaguzi amefanya matukio sitini na moja: kugonga milango, kupiga kelele, kusukuma watu. Kikomo cha nyumba hii ya malezi ya watu wazima wenye ulemavu wa akili, ninayoisimamia, ni arobaini kwa mwezi. Anayezidi hapo huhamishiwa kwenye kituo cha milango ya chuma, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Mwenyekiti wa bodi amepiga simu: shauri litaletwa kwenye mkutano wa Jumamosi ya tarehe 15, mbele ya ndugu wote wa wakazi. Gari la kumhamisha limekwisha kuagizwa kwa Jumatatu inayofuata.

Gari limetangulia mkutano! Nilisema "sawa", nikakata simu. Haikunipasa kusema sawa.

Mkaguzi ana miaka arobaini na mitatu. Daktari huilinganisha akili yake na ya mtoto wa miaka minne, ulinganisho nisioupenda. Kila asubuhi hupita akijaribu vitasa vyote, kimoja kimoja, aone kama milango inafunguka. Ndipo alipopata jina. Mpishi humpigia saluti: "Bosi, jikoni nimefaulu?" Naye huitikia kwa kichwa, kwa uzito wa waziri.

Jumanne, 4 Machi

Nimeweka kiti kwenye korido, na daftari langu mwenyewe. Nitahesabu kwa wiki moja, mchana mimi, usiku muuguzi. Hatutaandika ila tulichokiona kwa macho.

Saa tatu asubuhi — chumba cha mashuka kimefungwa. Amegonga kwa viganja mara kumi na mbili, kwa nguvu, huku akipiga kelele. Mlezi akafungua. Akachungulia, akaridhika, akaenda zake. Dakika mbili. Nimeandika: moja.

Jumamosi, 8 Machi

Dada yake amekuja, kama kila Jumamosi. Ni fundi cherehani. Vidole vyake havitulii hata akiwa ameketi. Nikampa habari ya sitini na moja.

"Sitini na moja ni nini, Mwalimu? Kilo?"

Nikamweleza fomu, safu zake, kikomo. Nilieleza vizuri, nadhani. Mimi ndiye niliyewafundisha walezi wote kuijaza, ndiyo maana hapa huniita Mwalimu. Alipoinuka aliniuliza jambo moja tu: huko kwenye milango ya chuma, kaka yake atakagua nini?

Nimeliandika swali hapa ili lisinitoke.

Jumatatu, 10 Machi

Wiki imetimia. Kwa hesabu yangu na ya muuguzi: sita. Kwa fomu za walezi, wiki hiyohiyo: kumi na saba.

Mwanzo nilidhani ni walezi wanaomwonea Mkaguzi. Nikazitandaza fomu mezani, nikazisoma sambamba na daftari. Mlango wa mashuka wa Jumanne upo mara tatu! Zamu ya asubuhi imeuandika saa tatu. Ya mchana imeuandika saa nane. Ya usiku, saa mbili. Kila zamu inapopokea kazi huambiwa yaliyotokea, nayo huyaandika upya kwenye fomu yake, kwa saa ambayo yenyewe imearifiwa. Tukio moja linakuwa matatu, kila moja na saa yake.

Nikamwita mlezi wa asubuhi, nikamuuliza kwa ukali kiasi. Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa ofisi yangu.

"Si wewe uliyetuambia, Mwalimu?"

Karatasi ipo pale tangu mwaka jana, kwa mwandiko wangu: Kila zamu iandike kila tukio inaloarifiwa. Niliibandika baada ya mlezi mmoja kuficha tukio. Nilitaka kisipotee kitu.



Jumatano, 12 Machi

Nimemtembelea mlezi mmoja wa zamu ya mchana nyumbani kwake. Mkono bado umefungwa plasta. Ndiye aliyesukumwa na Mkaguzi mwezi uliopita, akaanguka vibaya. Nikamweleza kosa langu.

"Hesabu yako siipingi. Ila tukio langu lilikuwa moja, Mwalimu, na mkono ulivunjika kwa hilohilo moja."

Kweli kabisa. Sita si sifuri. Nilikuja kama mtu aliyebeba habari njema, nikaondoka na aibu. Nikiwa mlangoni akaongeza kwamba siku ile alikuwa peke yake na watu kumi na mmoja, akafunga mlango wa bafu ili amwogeshe mmoja kwa utulivu. Mkaguzi alikuwa nje ya mlango huo kwa nusu saa nzima.

Hakuna safu ya hilo kwenye fomu.

Ijumaa, 14 Machi

Mwenyekiti hataki nikiri hadharani. Anasema ndugu watapoteza imani. Heri tulimalize kimyakimya, Mkaguzi aende, kisha tusahihishe fomu. "Usijivue nguo sokoni, mama." Nimemjibu kwa heshima kwamba nitasema.

Hotuba nimeiandika mara nne. Kila mara inajitetea.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika mezani, mkutano ukiendelea.

Nilianza hivi: Mheshimiwa Mwenyekiti, Daktari, wajumbe wa bodi, wazazi na ndugu mliotuamini, wafanyakazi wenzangu, na wewe bwana uliyesimama pale ukijaribu kitasa cha ukumbi huu, ambaye ndiwe tunayekujadili. Watu wakageuka. Dada yake akainamisha uso.

Nikasema yote: sitini na moja si ya kweli, kwa wiki nzima tuliona sita ambapo fomu zilisema kumi na saba, mwenye kosa ni mimi, walezi walitii. Nikasema pia habari ya mkono uliovunjika, bila kuipunguza uzito. Baba wa mkazi mmoja akapaza sauti: "Leo sita, kesho utatuambia ngapi?" Wengine wakacheka. Sikumlaumu.

Daktari ameuliza ninachopendekeza. Nikapendekeza: uhamisho usimame siku ishirini na nane. Kipimo kirudiwe upya — mtu mmoja kwa zamu, karatasi moja, kilichoonekana kwa macho tu, pamoja na kilichotangulia tukio. Na mhesabuji wa mchana asiwe mimi, bali atoke miongoni mwenu, mmoja kila siku, kwenye kiti cha korido.

Mwenyekiti alinong'onezana na Daktari, kisha akasimama. Amekubali, kwa sharti: visanduku vyote ishirini na nane vya karatasi ya zamu, kimoja kwa kila siku, vipate majina kabla hatujainuka. Kimoja kikibaki wazi, gari litakuja keshokutwa.

Karatasi inazunguka. Mwenyekiti ameipitisha bila kuandika. Daktari ameandika jina, akalikata, akaliandika tena siku nyingine. Dada ametaka Jumamosi zote nne. Ikabidi aambiwe kwamba ndugu hawahesabu wa kwao. Visanduku kumi na tisa. Ishirini.

Mama mmoja wa safu ya nyuma, ambaye mwanawe hasemi, ameishika kwa muda mrefu. Ananiuliza mbele ya wote: akikaa kwenye kiti hicho, na Mkaguzi akaja kugonga mlango uliofungwa, yeye aandike tu, au aruhusiwe kuinuka akaufungue?

Ukumbi mzima unaningoja mimi. Kalamu yake iko hewani. Namjibu: inuka, ufungue, kisha andika kwamba mlango ulikuwa umefungwa.